Mdomo sungura na hii kesi ya "damu ya ukoo"

Huku Tabora akizaliwa mtoto mwenye mdomo sungura, yaani mpasuko kwenye mdomo wa juu, maneno huwa ya pande mbili. Kuna wale wa kizamani, mama kala nyama ya sungura akiwa mjamzito, au kakanyaga dawa, au mizimu ya kwa mume haijaridhika. Halafu kuna wale waliosoma kidogo, hawa uchawi hawautaki kabisa, wanakwambia "hiyo ni genetiki bwana, iko kwenye damu ya ukoo wao", na hapo wanaona kesi imeisha. Wengi tunawapigia makofi hawa wa pili kwa vile wameushinda ushirikina. Mi nawapigia nusu tu.

Nusu ya makofi wanayostahili ni hii. Jeni zinahusika kweli na ushahidi upo wa miaka mingi, daktari wa Denmark anaitwa Fogh-Andersen alishaandika mwaka 1942 kwamba tatizo hili linajirudia kwenye familia. Baadaye wakaja na mapacha. Wale wa yai moja, wanaofanana kila kitu, mmoja akizaliwa na mdomo sungura basi karibu nusu ya mara na mwenzie anao, ila kwa mapacha wa mayai mawili haifiki hata mara 1 kati ya 10. Tofauti kubwa hiyo, huwezi kuieleza kwa chakula wala hewa maana wote wamelala tumbo moja. Mwaka 2002 ikajulikana kuwa hitilafu kwenye jeni inayoitwa IRF6 ndo inaleta ugonjwa wa Van der Woude, ambao mtoto anakuwa na vishimo vidogo kwenye mdomo wa chini pamoja na mpasuko wa mdomo au kaakaa, na hapo mzazi mwenye nao kila mimba ana nusu kwa nusu ya kumpa mtoto. Kwa hiyo anayesema "hakuna kurithi, ni bahati mbaya tu" naye anadanganya.

Ila rudi kwa wale mapacha wanaofanana. Damu ni ile ile, jeni zile zile, na bado nusu ya mara mmoja anatoka mzima. Sasa kama ni ukoo peke yake huyu mzima kaponea wapi? Na hiyo Van der Woude yenyewe ni kama 2 tu katika kila watoto 100 wenye mpasuko. Wengi wanaobaki hawana jeni moja ya kunyooshea kidole, wana vijimabadiliko vingi, kila kimoja kinasukuma kidogo sana, vingine vimetoka kwa baba vingine kwa mama, halafu mazingira ya mimba yanaongezea la kwake. Hapa ndo ile "ukoo wao" inapoanza kunikera, kwa sababu ukoo wa nani? Mtoto kachukua pande zote mbili lakini lawama sijawahi kusikia imeenda kwa baba.

Na mazingira tuyaongelee maana sisi ni mkoa wa tumbaku, Urambo, Kaliua, Sikonge huko ndo maisha yalipo. Mama anayevuta sigara hatari ya kupata mtoto mwenye mpasuko inapanda kama theluthi moja hivi kulinganisha na asiyevuta, hilo limepimwa mara nyingi. Lakini wanawake wetu wengi hawavuti, wanachuma majani na kushinda kwenye mabani ya kukaushia, na kuchuma sio kuvuta, kwa hiyo mtu asichukue namba ya wavuta sigara wa Ulaya akamtupia mama mkulima wa Kaliua kana kwamba ni kitu kimoja, tutakuwa tumemtoa kwenye uchawi tukamuingiza kwenye lawama nyingine. Kuna pia kisukari alichokuwa nacho mama kabla ya mimba, kuna baadhi ya dawa za kifafa (hizi usiziache kienyeji lakini, ongea na daktari kabla hujashika mimba), kuna pombe. Folik asidi, ile vitamini ya wajawazito, nayo inatajwa sana ila kwa mdomo ushahidi wake unayumba, sio kama ulivyo kwa mgongo wazi. Tena mdomo wa mtoto unaungana kati ya wiki ya 4 na ya 7, kaakaa linafunga mpaka wiki ya 9 hivi, wakati wengi wetu kliniki tunaenda mimba ina miezi minne mitano, zile fefo (vidonge vya madini ya chuma na folik asidi) unazopewa siku hiyo zina kazi yake ya damu ila mdomo ulishamaliza kuumbika zamani.

Kuna hoja nyingine naiheshimu sana, inasema achaneni na jeni, pelekeni hela kwenye upasuaji. Ina nguvu kweli. Mtoto wa Sikonge ukijua jeni yake ipi ina shida, sindano na uzi wa daktari havibadiliki, mdomo unashonwa kwenye miezi mitatu hadi sita na kaakaa kabla ya mwaka na nusu hivi, na upasuaji wenyewe unapatikana bure kupitia hospitali zinazoshirikiana na shirika la misaada la Smile Train. Kinachoua hawa watoto mapema ni njaa, kaakaa likiwa wazi hawezi kunyonya vizuri, anakonda, anaonekana "ameletwa na kitu", kumbe angekamuliwa maziwa akanyweshwa kwa kikombe au kijiko angefika kilo za kuingia chumba cha upasuaji.

Lakini bado siwezi kusema jeni tuziweke kabatini. Mwaka 2009 watafiti walikuta eneo kwenye kromosomu ya 8 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni) lenye uzito mkubwa katika kuleta mpasuko kwa Wazungu, kwa Waafrika uzito wake ukaonekana mdogo. Mwaka 2019 timu ya mtafiti Azeez Butali ikapima watu wa Nigeria, Ghana na Ethiopia ikakuta maeneo mapya ya mpasuko wa kaakaa. Maana yake kipimo kilichotengenezwa kwa damu ya kule hakitatusemea vizuri sisi, na tusipopimwa tutabaki tunaazima majibu ya wengine.

Sasa ile nusu ya makofi niliyobakiza. Mnajua jinsi ndoa zinavyochunguzwa huku, kabla ya mahari watu wanatumwa kuulizia, kuna kifafa kwa hao? kuna ukoma? kuna uchawi? Ukisema mdomo sungura ni "wa ukoo" ukaishia hapo, umeuingiza kwenye orodha hiyo hiyo, na hautamkosesha mchumba yule mtoto tu, na shangazi zake pia. Kumbe namba zenyewe zinasema wazazi wasio na mpasuko wakishapata mtoto mmoja mwenye nao, anayefuata ana kama 4 katika 100, yaani 96 wanatoka salama. Mzazi mwenyewe akiwa alizaliwa nao ni karibu hivyo hivyo. Ikifika watoto wawili kwenye nyumba moja ndo inasogea kwenye 10. Ndoa za binamu zinaongeza, karibu mara mbili, hilo nalo lisemwe bila kuoneana haya.

Kwa hiyo nesi wa wodi ya wazazi akitaka kutaja kurithi, ataje na hiyo 4 katika 100 hapo hapo, aangalie mdomo wa chini wa mtoto na wa wazazi kama kuna vishimo, maana vikiwepo hesabu inabadilika, na ikiwezekana mama mkwe awe amekaa hapo anasikia na yeye, kwa sababu yeye ndo atakayeulizwa nyumbani.