"Kitapanuka tu, dada"

Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma za ukumbi wa mikutano, kiatu kimoja mkononi, kingine mguuni, nikijiuliza kama nirudi ndani pekupeku au niage kwamba tumbo linaniuma. Ilikuwa siku ya pili ya safari ya siku nne. Lengelenge la kisigino cha kulia lilikuwa limeshapasuka, soksi imegandana na kidonda, na kila nikijaribu kuibandua natokwa na machozi. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilikuwa kimekufa ganzi. Na viatu vyenyewe ukivitazama, jamani, ni vizuri! Vyeusi, vinang'aa, ncha imechongoka kidogo tu, juu kuna utepe mwembamba. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Nilivinunua wiki moja kabla ya kuondoka. Nilipovijaribu dukani vilinibana mbele, nikamwambia kijana aliyekuwa akiniuzia. Akatabasamu, akanipa jibu ambalo sidhani kama kuna mwanamke hajawahi kupewa: "Kitapanuka tu, dada."

Nikaamini, kwa sababu nilikuwa natafuta mtu wa kunidanganya.

Tuanze na uongo huo, maana si uongo mtupu, ndiyo sababu unauzika. Ngozi halisi hupanuka kweli, lakini kwa upana. Ikipata joto na jasho inalegea pembeni na kufuata umbo la mguu wako. Kwa urefu haiendi popote, kwa kuwa urefu wa kiatu umeshikwa na soli, na soli haivutiki. Kidole kikigusa mbele leo kitagusa mbele mwaka mzima, na ukishuka mteremko kitagonga hadi ukucha ugeuke mweusi. Ngozi bandia, ambayo ndiyo imejaa kwenye viatu vya kike, hata huo upana haikupi. Siku ya mia itakubana kama siku ya kwanza. Kwa hiyo msimamo wangu siku hizi ni mmoja: kiatu cha safari hakizoewi. Ama kinakukaa palepale dukani, ama si chako, hata kiwe kizuri namna gani.

Tatizo ni kwamba wengi wetu hatuijui miguu yetu. Tunajua namba, na namba ni kitu cha ajabu. Katika vipimo vya Ulaya, kutoka namba moja hadi inayofuata ni theluthi mbili za sentimita. Katika vipimo vya Uingereza na Marekani ni theluthi moja ya inchi, yaani zaidi kidogo ya milimita nane. Vyote hivyo vinapima urefu peke yake. Upana unaachiwa kiwanda kiamue, na viwanda vingi vinavyotengeneza viatu vya kike vimeshaamua kwamba mwanamke ana mguu mwembamba. Mwenye wayo mpana anapanda namba ili apate nafasi ya vidole, kisha kisigino kinapwaya, kinachubuka, anajiona yeye ndiye mwenye mguu mbaya. Kile kipimo cha chuma ambacho Mmarekani Charles Brannock alikibuni miaka ya 1920 kinapima mambo matatu: urefu wa mguu, upana wake, na umbali kutoka kisigino hadi pale wayo unapojikunjia. Hilo la tatu ndilo tunalolisahau. Wanawake wawili wanaweza wote kuvaa 39, mmoja ana vidole virefu na mwingine vifupi, na kiatu kimoja kisiwafae wote wawili.

Miguu nayo haikai na kipimo kimoja. Jioni ni mikubwa kuliko asubuhi. Ukikaa saa nyingi kwenye ndege au basi, damu na maji vinashuka na kutuama chini, unafika umevimba vifundo. Umri unaulegeza na kuupanua wayo, na mimba inaweza kuurefusha mguu usirudi tena ulivyokuwa. Aliyevaa 38 kabla ya kuzaa watoto watatu na bado ananunua 38 kwa mazoea anajitesa bure. Kingine, mguu mmoja mara nyingi ni mkubwa kuliko mwenzake, na kiatu kinanunuliwa kwa ajili ya ule mkubwa. Kwa hiyo nenda dukani jioni, umetembea, umechoka, umevaa soksi zilezile utakazosafiri nazo. Ukienda asubuhi na miguu iliyolala vizuri utarudi na kiatu cha asubuhi.

Sasa nieleze kipimo ninachokipenda kuliko vyote, ingawa wauzaji hawakipendi. Viatu vingi vina kile kisponji cha ndani kinachotoka. Kitoe, kiweke sakafuni, kisimamie kwa uzito wako wote. Kisha inama utazame. Mguu wako wote uko juu ya sponji? Au kidole kidogo kimemwagika nje, na mfupa wa kidole gumba umening'inia upande wa pili? Kilichotoka nje ya sponji ndicho kitakachosagwa na ukuta wa kiatu kutwa nzima. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Na hicho kirefu si lazima kiwe cha gumba, kwa wengine ni cha pili. Mara ya kwanza nilipofanya hivi nilikuwa nyumbani, na vile viatu vyangu vya utepe. Karibu robo ya wayo wangu ilikuwa nje. Nilikuwa nimelipa nikatwe.

Kisha kikunje. Kiatu kizuri cha kutembelea hujikunja pale vidole vinapoanzia, si katikati. Kikijikunja katikati kama gazeti, hakuna kinachokushikilia unyayo. Kisokote kama unayekamua nguo. Kikizunguka chote, kirudishe. Bonyeza nyuma ya kisigino kwa dole gumba, pawe pagumu. Mambo haya yote hayamalizi dakika mbili, lakini nimeona watu wakitumia nusu saa kuchagua rangi.

Hapa ndipo ninapogombana na marafiki zangu kuhusu vile viatu vya flati, vya doli, ambavyo kila mwanamke anavipakia akiamini ameachana na mateso ya mchuchumio. Soli yake ni nyembamba kama kadi, unahesabu kokoto zote za njiani. Havina kamba wala mkanda, kwa hiyo vidole vinafanya kazi ya kuving'ang'ania visichomoke, hatua kwa hatua, maelfu ya hatua. Jioni unashangaa kwa nini nyayo zinawaka moto na hukuvaa kisigino. Kutokuwa na kisigino hakukifanyi kiatu kuwa cha kutembelea. Mimi naona kisigino kipana cha sentimita mbili au tatu kinatulia mguuni kuliko flati tupu. Na kama asubuhi ukishuka kitandani hatua za kwanza zinakuchoma chini ya kisigino, hilo si la kuomba ushauri kwa muuzaji viatu, muone daktari.

Lakini swali linalotusumbua wengi si la raha peke yake. Raba za mazoezi zipo, na zina raha. Swali ni la unadhifu: nitaingiaje kwenye kikao, kwenye harusi ya mtu, kwenye chakula cha jioni na wageni, nikiwa nimevaa kitu kinachonishikilia wayo? Nimegundua kwamba "nadhifu" tukisema kwa mwanamume maana yake ni safi, na tukisema kwa mwanamke maana yake, bila kulitamka, ni kiatu chembamba na kirefu nyuma. Mwanamume anavaa kiatu kipana cha kamba, kisigino cha sentimita mbili na nusu, anatoka uwanja wa ndege anaingia ofisini na hakuna anayemtazama miguu.

Hili si malalamiko yangu tu. Desemba 2015 mhudumu wa mapokezi wa muda jijini London, Nicola Thorp, alirudishwa nyumbani bila malipo siku ya kwanza kazini kwa kukataa kuvaa visigino virefu. Ombi lake la kutaka sheria ibadilishwe lilipata sahihi zaidi ya 150,000, likajadiliwa bungeni mwaka 2017. Mwaka huohuo wizara ya kazi ya Ufilipino ilitoa amri kwamba waajiri wasiwalazimishe wanawake kuvaa kisigino kinachozidi inchi moja. Japani, mwaka 2019, Yumi Ishikawa alianzisha kampeni aliyoiita KuToo, na jina lenyewe ni mchezo wa maneno: kwa Kijapani kiatu ni kutsu, maumivu ni kutsuu. Ona lugha ilivyoyaweka jirani! Sisi kwetu tunasema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na nadhani aliyeanza kulisema alikuwa ametoka kuvua viatu.

Basi, baada ya kuharibu miguu na pesa, nimefikia kuamini kwamba unadhifu wa kiatu unatokana na vitu vichache visivyohusiana kabisa na maumivu. Rangi moja ndicho cha kwanza. Kiatu cheusi chenye soli nyeusi, au cha kahawia chenye soli ya kahawia, kinapita karibu kila mahali hata soli ikiwa nene, kwa sababu jicho haliioni. Soli nyeupe nene chini ya ngozi nyeusi inapiga kelele "mimi ni raba" hata mlangoni. Cha pili ni kutokuwa na mapambo: nembo kubwa, mistari inayong'aa, nyuzi za rangi, zipu isiyofungua chochote. Na cha tatu ni usafi, ambao hauna cha kueleza. Wanaosema raba nyeupe zinaendana na kila kitu nawasikia, na siku ya kwanza ni kweli. Waonyeshe siku ya tatu, baada ya vumbi la stendi na mvua moja.

Chaguo langu mimi ni moka ya ngozi iliyopanda juu kidogo kwenye wayo, au kiatu kifupi cha kamba mithili ya vile vya kiume. Cha kamba kina faida kubwa: unakilegeza kwenye ndege miguu ikivimba, unakikaza ukishuka. Safari za joto nabeba sandali, ila yenye mkanda nyuma ya kisigino na soli ya kueleweka, si kandambili iliyopambwa. Na siku zote nabeba jozi mbili, ile nzito naivaa njiani na nyepesi inakaa sandukuni. Si kwa ajili ya mapambo. Kiatu kilichotembelewa kutwa kinakunywa jasho, kinahitaji siku nzima kukauka, na mguu kwenye unyevu unachubuka upesi. Soksi za pamba tupu nazo hushika jasho zikabaki mbichi, na zilizochanganywa nyuzi nyingine au sufu nyepesi ni bora. Kikilowa mvua, toa sponji, jaza gazeti ndani, badilisha gazeti, na ukiweke mbali na moto.

Kuna jambo moja lazima niliseme kwa sababu lilimkuta mama yangu. Alikuwa na viatu vyake "vya safari", vimekaa ndani ya boksi kabatini miaka kama sita, vimefungwa kwa karatasi laini, havijaguswa. Alivivaa alfajiri siku ya kuondoka, vinang'aa. Tukiwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege nikaona nyuma yetu sakafuni kuna vipande vyeusi kama makombo ya keki iliyoungua. Nikafikiri begi la mtu limetoboka. Mama akanyanyua mguu: soli ilikuwa inamong'onyoka, kila hatua inaacha kipande. Kufika mbele alikuwa anatembelea kitambaa. Tulicheka baadaye, si siku ile. Soli nyingi laini na nyepesi zimetengenezwa kwa poliyurethani, ambayo unyevu wa hewani unaivunjavunja kidogokidogo hata kiatu kikiwa kabatini hakijavaliwa. Kwa nje huoni kitu. Kwa hiyo kiatu unachokitunzia safari kivae kwanza, kitembelee siku kadhaa mtaani, hata kama unajua kinakukaa. Na ukiibonyeza soli kwa ukucha ikabaki na shimo au ikatoa unga, usiipakie.

Vile viatu vyangu vya utepe nilimpa binamu yangu mwenye mguu mwembamba kama mtumbwi. Anavivaa, ananitumia picha, vimemkaa kama alizaliwa navyo. Sikuvionea wivu.

Juzi niliingia tena dukani, kabla ya safari nyingine. Jioni, nimechoka, soksi zangu mkobani. Nikaona moka moja ya kahawia, nikajaribu 39, ikashika pembeni. Kijana, si yule wa zamani, akaanza, "Hiyo ngozi, dada, itapa..." Nikatoa sponji, nikaliweka sakafuni, nikalikanyaga. Tukainama wote wawili. Akakitazama kidole changu kidogo kilivyolala nje, peke yake, juu ya vigae. Hakumalizia. Akaenda stoo, akarudi na 40 ya upana.

Miaka yote hii nilikuwa najiita 39.