Muulizeni pia analalaje

Habari imesema wanawake waliotumikia jeshi la Marekani wanakunywa pombe kwa mikupuo, ikaishia hapo. Naomba niongeze. Kwa mwanamke, mkupuo ni vinywaji 4 au zaidi ndani ya saa 2 hivi. Kwa mwanamume ni 5. Mwili wa mwanamke una maji machache zaidi, hivyo pombe ileile humkolea sana damuni na ini huumia mapema. Hatari ya saratani ya matiti nayo hupanda hata kwa unywaji wa kiasi.

Jirani yangu hapa Texas, mwanamke, alipigana Iraki. Jioni hunywa mvinyo kwenye kikombe cha kahawa, pazia zimeshushwa, maana bila hivyo usingizi hauji. Dukani watu humshukuru kaka yake kwa utumishi, kaka ambaye hajawahi kuvaa gwanda!

Na tusifiche: mwanamke 1 hivi kati ya 3 wanaotibiwa na Idara ya Maveterani, inayohudumia waliokuwa askari wa Marekani, akiulizwa, husema alinyanyaswa kingono akiwa jeshini. Wauguzi, nawasihi, mkishauliza anakunywa glasi ngapi, msifunge faili. Muulizeni analalaje, na nani alimuumiza.