Si gamba linalovuta maji, ni silia

Makala imeeleza vizuri jinsi chaza na kome wanavyosafisha maji, ila pale mliposema wanayavuta kwa kufungua na kufunga gamba, hapana jamani. Gamba hukaa wazi kidogo tu. Kazi yote ni ya silia, vinyweleo vilivyojaa kwenye matamvua, yaani viungo vyao vya kupumulia.

Niliwahi kukata kipande cha tamvua la kome nikakiweka chini ya hadubini. Kimeshatengana na mwili, lakini silia ziliendelea kupiga, moja nyuma ya nyingine, kama upepo unavyopita juu ya shamba la mpunga. Sijawahi kuchoka kuliangalia jambo lile.

Tena zimegawana kazi: za ubavuni mwa kila uzi wa tamvua husukuma maji, zilizo pembezoni mwa uso wa mbele hunasa chembe, na za mbele kabisa husafirisha chembe hizo kuelekea mdomoni. Ndani ya kila silia mna jozi 9 za vijibomba vikizunguka viwili vya katikati, mpangilio uleule ulio kwenye silia za koo letu. Naomba mrekebishe sentensi ile, wanafunzi wanasoma hapa.