Punje zilizomwagika relini

Utotoni kwetu Lubumbashi, Kongo, treni ya mizigo ikishapita kutoka upande wa Sakania, mahindi yaliyomwagika hayakulala relini. Yaya, ndugu yangu mkubwa, alitangulia na ufagio na beseni, tukapepeta mchanga, jioni bukari, ugali wetu, ikapatikana. Sikujua kwamba punje zile, zikiachwa, huita wanyama.

Nimelijua hilo huku Calgary, Kanada. Ngano ya mashamba ya tambarare husafirishwa kwa treni hadi bandari ya Vancouver, na njia inakatiza hifadhi ya Banff. Mabehewa yanavuja. Dubu anakuja kula katikati ya mataruma, sawa na sisi, ila yeye hajui saa ya treni. Watafiti wameona kwamba ajali huzidi penye kona na kando ya mto, maana ngurumo ya maji inaficha ile ya treni. Wamejaribu hata taa na kengele ndogo zinazomwonya mnyama kama sekunde 30 kabla treni haijafika.

Kinachoniuma ni hiki: huku dubu akigongwa, anajulikana. Namba 122, dume kubwa la Banff, watu wanamfuatilia kama jirani yao. Kwetu, mnyama akigongwa kati ya Tenke na Bukama, habari yake inaishia kwenye sufuria. Simlaumu mwenye njaa, nyama hiyo hata mimi nimeila. Lakini tutalindaje kitu ambacho hakuna aliyekiandika?

Na wakati wenyewe ni huu. Miaka mingi treni zetu zimekwenda polepole, mnyama akapata nafasi ya kukimbia. Sasa kila mtu anazungumzia njia ya kwenda bandari ya Lobito, Angola, reli kukarabatiwa, shaba ya Kolwezi kufika baharini upesi. Naitaka sana reli hiyo. Ila wanaoijenga waambiwe mapema: vichaka vifyekwe penye kona, zipitishwe njia chini ya reli kama walivyowafanyia tembo wa Tsavo kule Kenya, na kila stesheni iwe na daftari ambamo dereva ataandika mnyama aliyegongwa.

Nilipomweleza yaya kwa simu, aliuliza: ngano yote hiyo, hakuna anayeifagia? Nikamwambia wamewahi kutumia lori la kuifyonza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema wamama wa mabeseni bado wapo relini kila asubuhi, na wengine wana watoto mgongoni.