Lee Miller si Picha ya Bafuni Tu

Ukisikia makumbusho yanaandaa maonyesho ya Lee Miller, mpigapicha Mmarekani wa Vita vya Pili vya Dunia, jua picha ya bafuni haitakosa. Aprili 30, 1945, mjini Munich, Miller yumo ndani ya bafu la Hitler. Buti zake ziko sakafuni, zimechafua zulia kwa matope ya Dachau, kambi ya mateso ya Wanazi, na picha ya mwenye nyumba imesimamishwa pembeni ya bafu. Siku hiyohiyo Hitler alijiua Berlin.

Ni picha kali, sibishi. Ila aliyeipiga ni David Scherman, mpigapicha mwenzake, yeye wa jarida la Life. Miller alikuwa mwanamitindo New York miaka ya 1920, akaamua mwenyewe kushika kamera. Leo tunamrudisha mbele ya kamera, tena bila nguo!

Imperial War Museum ya London ilipofungua maonyesho ya Miller Oktoba 2015, mada ilikuwa wanawake na vita, na hapo ndipo kazi yake inapopumua. Nenda kwenye picha ya hospitali ya Churchill, Oxford, ya 1943: muuguzi yuko kati ya glavu za mpira za upasuaji, zimetakaswa na kutundikwa zikauke. Hakuna damu wala bunduki, lakini hesabu ya majeruhi unaipata kwenye zile glavu. Kuna pia Anna Leska, rubani kutoka Poland, ndani ya Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza. Wanawake kama yeye walizitoa ndege viwandani na kuzifikisha kwa wapiganaji, basi; kupigana nazo hawakuruhusiwa. Miller naye alikatazwa kufika mstari wa mbele. Agosti 1944 alijikuta Saint-Malo, Ufaransa, mapigano yakiendelea, akapiga picha, na jeshi la Marekani likamweka kizuizini.

Ninachoogopa ni maonyesho ya kusifu tu, kila mwanamke shujaa. Mwaka huohuo, mjini Rennes, hukohuko Ufaransa, Miller alipiga picha za wanawake walionyolewa vipara kwa tuhuma za kushirikiana na Wajerumani. Hizo zisifichwe kwenye kona. Ziwekwe karibu na wauguzi na marubani, zikiwa na maelezo marefu chini yake: nani aliwashtaki, nani alishika mkasi, na wanaume waliofanya biashara na Wajerumani walinyolewa nini.