Mpishi wa kwenye nembo hana kwapa

Mwenye mgahawa ana nembo yake: mpishi wa katuni, kofia ndefu, masharubu, tabasamu. Anaipeleka kwa mhuishaji, yaani fundi wa kuzifanya katuni zitembee, akitaka kitu kidogo tu, mpishi apunge mkono kwa sekunde tano. Jibu linalorudi linamkera: katuni ichorwe upya kwanza, na kazi itachukua wiki kadhaa. Mchoro si upo tayari? Huyu si anatafuta cha kupandishia bei?

Malalamiko hayo yana msingi. Nembo ni sura, na sura haibadilishwi ovyo. Uso wa Kanali Sanders, mwanzilishi wa KFC, uko kwenye nembo ya migahawa hiyo tangu miaka ya 1950, na haukuhitaji kukonyeza jicho ndipo watu waujue. Isitoshe, programu za siku hizi huweza kuidundisha picha yoyote, kuizungusha au kuikuza kwa muda mfupi. Kama haja ni nembo iingie kwenye skrini kwa mdundo mmoja, hilo linatosha, na anayedai wiki tatu kwa kazi hiyo anastahili kuhojiwa.

Ila kupunga mkono si kudunda. Itazame picha ile kwa karibu. Mkono wa kulia umelalia aproni, na aliyeuchora hakuwa na sababu ya kuchora kilicho nyuma yake. Uinue, na pale ulipokuwa panabaki tundu jeupe lenye umbo la mkono. Kwapa halikuwahi kuchorwa. Akigeuza kichwa, hana sikio la pili. Akitaka kufumba macho, hana kope za kuyafunika. Mara nyingi hata faili lenyewe ni picha moja bapa, ambamo aproni, mkono na jina la mgahawa vimegandana. Mhuishaji akisema "tuchore upya", maana yake ni kutenganisha viungo hivyo, kila kimoja kwenye tabaka lake, na kuchora vile ambavyo nembo iliyotulia haikuvihitaji kamwe.

Halafu kuna hesabu, na hapa ndipo wengi hawaamini. Filamu hukimbia kwa fremu 24, yaani picha 24, kila sekunde. Anayechora kwa mkono hujipunguzia mzigo kwa kuuacha kila mchoro ukae fremu mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde. Sekunde tano ni michoro 60. Mara 60 vifungo vilevile, masharubu yaleyale. Na masharubu yakihama kwa unene wa mstari mmoja tu, mtazamaji huona yanatetemeka hata kama hawezi kusema kasoro iko wapi. Ifanye michoro 30, mkono unaanza kurukaruka. Hata anayempa mhusika mifupa ndani ya kompyuta, akaiachia mashine ijaze nafasi za kati, bado hupanga mwenyewe mambo yanayoleta uhai: mkono ushuke kidogo kabla ya kupanda, mwili uegemee upande wa pili, kofia ichelewe kufuata na kuyumba baada ya kichwa kutulia. Ondoa huko kuchelewa kwa kofia, unabaki na kibao kinachozungushwa kwenye msumari.

Kampuni ya piza ya Domino's ilipomleta Noid kwenye matangazo yake mwaka 1986, mhusika wa kuharibu piza, aliumbwa kwa udongo na kusogezwa kidogo kidogo kati ya picha na picha. Alizaliwa atembee, huku nembo ya kampuni ikibaki na kazi yake. Naona hiyo ndiyo njia hata kwa mgahawa mdogo: mpishi wa kwenye kibao aachwe atulie, achorwe ndugu yake wa kucheza.

Wahuishaji nao wana kosa lao. Hutaja bei na idadi ya siku, wakanyamaza. Wangelifungua lile faili mbele ya mteja na kuusogeza mkono wa mpishi, tundu likaonekana, mazungumzo ya bei yangeanzia mahali pengine kabisa.