Tuambieni Mawingu Yako Juu Kiasi Gani

Utabiri wa wiki hii wa mji wetu mdogo ulikuja na picha ya wingu la kijivu kuanzia Jumanne hadi Alhamisi. Jirani yangu akaahirisha kupaka rangi ukuta wa nje. Jumanne ikafika, jua likawaka tangu asubuhi, vivuli vimekolea ardhini, na angani hakuna kitu isipokuwa michirizi myeupe mithili ya manyoya ya ndege. Jirani akasema watabiri ni waongo. Si waongo. Wingu lilikuwepo kweli, na hapo ndipo ninapokasirika: mtu amepewa taarifa sahihi ambayo haimsaidii chochote.

Tatizo liko kwenye kipimo. Wanaoangalia anga huligawa katika mafungu 8, kisha huhesabu mangapi yamefunikwa. Utandu mwembamba wa sirostratasi, aina ya wingu la juu sana, ukitanda anga nzima, hesabu ni 8 kati ya 8, hata kama jua linapenya na nguo zinakauka kambani. Nimbostratasi, lile wingu zito linalomwaga mvua kutwa, nalo ni 8 kati ya 8. Anayetengeneza picha za utabiri akichukua namba hiyo peke yake, siku hizo mbili zinapewa alama ileile. Mtu anayepanga kazi ya nje atajuaje tofauti?

Wala asiniambie mtu kwamba taarifa haipo. Mifumo mikubwa ya kompyuta inayotabiri hali ya hewa, ukiwemo ule wa kituo cha Ulaya cha ECMWF, hutoa kiasi cha mawingu ya chini, ya kati na ya juu, kila tabaka na namba yake. Kazi ngumu imeshafanyika. Halafu mwishoni kabisa, kabla utabiri haujatufikia sisi wa miji midogo, matabaka yote matatu yanajumlishwa na urefu wa mawingu kutoka ardhini unatupwa. Nasema unatupwa kwa sababu sioni neno jingine linalostahili.

Na urefu ndio habari yenyewe. Katika nchi za joto mawingu ya juu hukaa kati ya kilomita 6 na 18, na katika nchi za baridi ya wastani kati ya 5 na 13. Huko ni baridi kali, hivyo mawingu ya huko, yaani sirasi (ile michirizi ya manyoya), sirostratasi na sirokumulasi (vipande vidogovidogo), kwa sehemu kubwa ni chembe za barafu. Chembe hizo huanguka, ndiyo maana sirasi huonekana na mikia, lakini hugeuka mvuke kabla ya kutufikia. Sirasi haikulowanishi. Majina yenyewe yametokana na mpangilio wa Luke Howard, mfamasia wa London aliyeyagawa mawingu kwa kuyatazama tu mwaka 1802. Kama yeye aliweza bila setilaiti, na sisi tunaweza kuinua macho.

Tazama kivuli chako. Utandu ukiwa wa sirostratasi, kivuli kinabaki. Ukigeuka altostratasi, utandu mzito zaidi wa tabaka la kati, jua hufifia na kivuli hupotea. Kwa yale mawingu ya vipande vidogovidogo, nyoosha mkono na uinue kidole kidogo, ukiwa umelipa jua kisogo. Kipande kikifichwa chote na kidole hicho, huenda ni sirokumulasi; kikizidi upana wake, yaelekea ni mawingu ya tabaka la kati. Na ile duara kubwa kulizunguka jua au mwezi, ambayo kutoka katikati hadi ukingoni ni nyuzi 22 za pembe, hutokana na mwanga kupinda ndani ya chembe za barafu. Ukiiona, ujue juu yako kuna wingu la barafu.

Je, duara ni dalili ya mvua? Hapa mahali ulipo panahusika sana. Katika nchi za baridi ya wastani, sirasi ikifuatwa na sirostratasi na kisha altostratasi, mara nyingi hewa ya joto inakaribia na mvua huweza kufika ndani ya siku moja hivi. Karibu na ikweta, sirasi nyingi ni vilele vya mawingu ya radi vilivyosambazwa na upepo wa juu. Mvua yake huenda inanyesha kwingine kabisa, au ilishakatika.

Nakubali, utabiri umeendelea. Kwa kila miaka 10 hivi umejiongezea siku moja ya kuaminika. Nakubali pia kwamba siku ya 6 na ya 7 zitabaki na mashaka, kwani Edward Lorenz, mwanasayansi wa hali ya hewa, alionyesha tangu 1963 jinsi kosa dogo la mwanzo linavyokua. Na mji mdogo unaweza kumezwa wote na mraba mmoja au miwili ya hesabu za kompyuta, pamoja na kilima chake na bonde lake. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo linalozuia kuandika sentensi moja chini ya picha: "Jumanne, mawingu mepesi ya juu, jua litapenya, mvua haitarajiwi." Jirani yangu angekuwa ameshapaka ukuta wake.